Mauzo Hayalipi Deni: Kupima Mzigo wa Mkopo kwa Kampuni za Arusha na Moshi

Mgeni mmoja anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame kwa siku 7 anaacha getini dola 955.80. Hesabu yake ni hii: ada ya hifadhi dola 70 kwa siku mara 7, kambi dola 50 kwa usiku mara 6, uokoaji dola 20, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Kampuni ya Moshi iliyomuuzia safari hiyo kwa dola 1,900 inaandika vitabuni mauzo ya dola 1,900. Kabla mgumu (mpagazi) wa kwanza hajajitwisha mzigo, nusu ya fedha hiyo imeshaondoka. Taarifa ya benki lakini bado inasema dola 1,900 ziliingia. Afisa mikopo anajumlisha zilizoingia kwa miezi 12, anaona mzunguko umenona, na mkopo unapita.

Kwa biashara za ukanda huu, yaani utalii, hoteli na kahawa, mauzo ndiyo namba dhaifu kuliko zote ya kupimia uwezo wa kulipa deni. Ndiyo pia namba inayotajwa kwanza kila mahali, kwenye andiko la mradi, kwenye kikao cha bodi, kwenye mazungumzo ya wanahisa wapya. Deni linalipwa na fedha inayobaki baada ya kila anayestahili kulipwa kabla ya benki kuchukua chake, tena inayobaki ndani ya mwezi ambao rejesho linadaiwa. Kampuni inaweza kuuza sana mwaka mzima na kukwama mwezi wa tano.

Tuchukue kampuni ya mfano ili namba zituongoze. Iko Arusha, ina Land Cruiser 8, kila gari linafanya kazi siku 110 kwa mwaka, na kila siku ya safari yenye wageni wanne inaingiza wastani wa dola 1,150. Hiyo inakaribia dola milioni 1 kwa mwaka. Kwa Sh2,500 kwa dola, mauzo ni Sh2.5 bilioni. Kampuni inataka kukopa Sh600 milioni kwa miaka 5, riba asilimia 16 kwa mwaka inayokokotolewa juu ya salio linalopungua. Rejesho la kila mwezi linakuwa Sh14.6 milioni, au Sh175 milioni kwa mwaka.

Ukigawa mauzo kwa marejesho unapata 14. Mauzo yanafunika marejesho mara 14! Nani atakataa kukopesha? Sasa tushuke ngazi moja moja.

Ada za hifadhi, kambi za umma na kushuka kreta zinachukua asilimia 35, yaani Sh875 milioni. Kushuka Ngorongoro peke yake ni dola 250 kwa gari kabla ya VAT, dola 295 ukiiongeza, hata gari likiwa na mgeni mmoja tu ndani. Loji na kambi binafsi zinachukua asilimia 30, Sh750 milioni. Zimebaki Sh875 milioni. Hii ndiyo namba ya kwanza inayostahili kuitwa mapato ya kampuni. Nyingine zote zilikuwa fedha za watu zilizopita mkononi mwake. Mafuta, posho za madereva na chakula cha safarini vinaondoa Sh225 milioni, zinabaki Sh650 milioni. Mishahara ya ofisi pamoja na michango ya NSSF na tozo ya mafunzo, Sh180 milioni. Matengenezo, bima na leseni, Sh120 milioni. Pango, matangazo na safari za maonesho ya nje, Sh110 milioni. Mwisho wa yote mkononi ziko Sh240 milioni, ambazo ni chini kidogo ya asilimia 10 ya mauzo.

Gawa tena: 240 kwa 175 ni 1.37. Tumetoka 14 hadi 1.37 na bado hatujamaliza.

TRA inasubiri. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30 ya faida. Riba inaondolewa kwenye faida kabla ya kodi kukokotolewa, lakini deni la msingi haliondolewi, na hapo wafanyabiashara wengi hujikwaa. Katika mwaka wa kwanza wa mkopo wetu, kwenye Sh175 milioni zinazolipwa, takriban Sh90 milioni ni riba na Sh85 milioni ni deni la msingi. Kwa hiyo toa riba Sh90 milioni na uchakavu tuseme Sh80 milioni kwenye Sh240 milioni, faida ya kutozwa kodi ni Sh70 milioni na kodi yake Sh21 milioni. Mabaki yanashuka hadi Sh219 milioni, uwiano 1.25. Kadiri miaka inavyosonga riba inapungua, faida ya kutozwa kodi inaongezeka, na kodi inapanda ilhali rejesho halibadiliki. Mwaka wa nne wa mkopo unaweza kubana kuliko wa kwanza, kinyume na wanavyotarajia wengi.

Halafu magari yenyewe. Barabara ya kutoka lango la Naabi kuelekea Seronera inajulikana inavyokula springi, shokomzoba na bushi. Kampuni yenye magari 8 ikitaka kubadili gari moja tu kila baada ya miaka miwili, kwa gari la Sh120 milioni likiwa limekwisha kurefushwa na kufunguliwa paa, inatakiwa kutenga Sh60 milioni kwa mwaka. Fedha hiyo haimo kwenye matengenezo. Ukiitoa, mabaki ni Sh159 milioni. Uwiano: 0.91.

Kampuni iliyoonekana kufunika deni lake mara 14 haiwezi kulifunika hata mara moja bila kuacha magari yazeeke. Na ndivyo inavyokuwa mtaani. Rejesho linalipwa miaka miwili ya kwanza bila tatizo, kwa sababu gari halibadilishwi. Mwaka wa tatu magari yanaanza kulala gereji katikati ya Agosti, kampuni inakodi magari ya wenzake kwa bei ya msimu, na faida yote inaishia hapo. Nje watu wanasema utalii umeshuka. Utalii haujashuka, ni hesabu ya mwanzo iliyoruka mstari mmoja.

Mwezi wa nne na wa tano

Hata uwiano mzuri wa mwaka hauonyeshi ni mwezi gani fedha itakosekana. Masika yanajulikana: Aprili na Mei wageni ni wachache, kambi kadhaa zinafungwa, barabara za hifadhini zinateleza. Novemba nayo ni nyembamba. Gharama zisizobadilika za kampuni yetu, yaani mishahara, matengenezo na bima, pango na matangazo, ni Sh410 milioni kwa mwaka, sawa na Sh34 milioni kila mwezi. Ongeza rejesho la Sh14.6 milioni, kila mwezi unahitaji karibu Sh49 milioni hata kama hakuna gari lililotoka. Na masika ndiyo wakati magari yanapofunguliwa gereji, kwa hiyo matengenezo hayapungui, yanazidi.

Tuseme Aprili na Mei kwa pamoja zinaleta asilimia 4 ya ile Sh650 milioni, yaani Sh26 milioni. Mahitaji ya miezi hiyo miwili ni Sh98 milioni. Pengo ni Sh72 milioni, na lazima ziwe zimelala benki tarehe 31 Machi. Kampuni isiyo na akiba hiyo ina njia moja tu iliyo wazi, na ndiyo hatari kubwa kuliko zote: amana za wageni.

Wageni wa Julai na Agosti huweka nafasi mapema na kutanguliza, mara nyingi, asilimia 30 ya bei. Amana hizo huingia kati ya Januari na Mei. Akaunti inaonekana imejaa wakati ule ule kampuni haina kazi, na rejesho la Aprili linatoka humo. Kwenye mizania iliyoandaliwa vizuri amana hizo zimeandikwa upande wa madeni, kwa sababu kampuni inadaiwa safari. Kwenye mahesabu ya hovyo zimeingizwa moja kwa moja kwenye mauzo. Julai ikifika, ada za hifadhi na loji za wageni hao zinalipwa kwa amana za wageni wa Septemba, na za Septemba kwa amana za Desemba. Mnyororo unaenda vizuri ilimradi wanaoweka nafasi hawapungui.

Mwaka 2020 walipungua. Watalii wa kimataifa walioingia nchini walikuwa 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020 wakawa 620,867. Kampuni zilizokuwa zimelipa marejesho kwa amana zilijikuta zinadaiwa na benki na wageni wanaotaka kurudishiwa fedha, kwa wakati mmoja. Zilizokuwa zimeweka amana kwenye akaunti ya pembeni isiyoguswa zilirudisha au zilisogeza safari mbele, na wengi wa wageni wao walikuja baadaye. Ningeweka akaunti hiyo kuwa sharti la kwanza la mkopo wowote wa kampuni ya utalii, kabla hata ya kuuliza hati ya kiwanja.

Kwa hiyo kipimo cha mwaka hakitoshi. Andika miezi 12 kwa mstari, chini ya kila mwezi weka kinachoingia kwa safari zinazofanyika mwezi huo, si amana, toa gharama, toa rejesho, beba salio kwenda mwezi unaofuata. Mwezi ambao salio linakwenda chini ya sifuri ndio unaoamua ukubwa wa mkopo. Ni kazi ya saa mbili kwa anayejua biashara yake.

Jambo moja linaweza kujadiliwa na benki na watu wengi hawalijadili: ratiba ya marejesho ifuate msimu. Marejesho yale yale ya Sh175 milioni yakilipwa kwa miezi 9, Aprili, Mei na Novemba zikiachwa wazi, kila mwezi unabeba karibu Sh20 milioni baada ya kuongeza riba kidogo ya kuchelewesha. Julai na Agosti haziumii na Sh20 milioni. Mei inaumia na Sh14.6 milioni. Ukishapitisha siku 90 bila kulipa, mkopo unaingia kwenye hesabu ya mikopo chechefu, na baada ya hapo kupata mwingine popote ni shida, maana taarifa zinakwenda kwenye kanzidata ya wakopaji.

Mauzo yakitikisika kidogo

Kampuni yetu ya mfano ikipoteza asilimia 10 ya mauzo, yaani Sh250 milioni, ada za hifadhi, loji na mafuta vinapungua navyo, kwa hiyo si zote zinazopotea. Kinachopotea ni asilimia 26 ya hizo, kwa kuwa ile Sh650 milioni ni asilimia 26 ya mauzo: Sh65 milioni. Toa kwenye Sh240 milioni, zinabaki Sh175 milioni, sawasawa na marejesho, kabla ya kodi na kabla ya gari jipya. Mauzo yakishuka kwa asilimia 20, mabaki yanakuwa Sh110 milioni na uwiano 0.63. Kushuka kwa moja ya tano kwenye mauzo kumekata zaidi ya nusu ya mabaki, kwa sababu mishahara na pango havishuki pamoja na wageni.

Upande mwingine, mauzo yanaweza yasishuke hata kidogo na bado deni likashindikana. Mikataba na mawakala wa Ulaya na Marekani hupangwa bei mwaka mmoja kabla. Ada za hifadhi zikipanda kwa asilimia 10 katikati, mzigo wa Sh87.5 milioni unabaki kwa kampuni, mabaki yanakuwa Sh152.5 milioni, chini ya marejesho. Mkataba usio na kifungu kinachoruhusu kupandisha bei ada za serikali zinapobadilika ni hatari ya mkopo kama hatari nyingine, na anayepima deni anapaswa kuomba kuusoma.

Kisha kuna sarafu. Oktoba 2024 dola ilikuwa zaidi ya Sh2,700. Kufikia Desemba ilikaribia Sh2,400. Wengi walifurahia shilingi kuimarika, lakini kampuni inayopokea dola na kulipa mkopo kwa shilingi iliumia. Kwenye mfano wetu, tuseme hifadhi na loji zinalipwa kwa dola kama ilivyokuwa mwaka 2024, zinabaki dola 350,000. Kwa Sh2,500 ni Sh875 milioni. Kwa Sh2,400 ni Sh840 milioni. Dola imeshuka kwa asilimia 4, mabaki yameshuka kwa karibu asilimia 15, kutoka Sh240 milioni hadi Sh205 milioni. Kinyume chake ni hoteli ya mjini Moshi inayoishi kwa semina na harusi zinazolipwa kwa shilingi, ikashawishika na mkopo wa dola kwa sababu riba yake inaonekana ndogo. Mwaka 2023 shilingi ilipoteza takriban asilimia 8 dhidi ya dola. Ongeza hiyo juu ya riba, unafuu wote umekwisha. Kanuni hapa ni fupi: kopa kwa sarafu ile ile ambayo mabaki yako yanabaki nayo, na uangalie mabaki, usiangalie mauzo.

Nitaje na namna ya kukokotoa riba, maana imeua biashara nyingi ndogo. Asilimia 16 inayotozwa juu ya mkopo wote wa awali hadi mwisho haifanani na asilimia 16 ya salio linalopungua. Kwa Sh600 milioni na miaka 5, ya kwanza inakupa rejesho la Sh18 milioni kwa mwezi badala ya Sh14.6 milioni, na kwa kweli unalipa kama asilimia 26 kwa mwaka. Uliza rejesho la mwezi kwa shilingi, uzidishe kwa miezi yote, ndipo ulinganishe wakopeshaji.

Karatasi zinazosema ukweli

Anayepima kampuni kutoka nje, awe mwanahisa mtarajiwa, muuzaji anayetaka kukopesha bidhaa, au mjumbe wa bodi ya SACCOS, aanze na taarifa za benki za miezi 24, akaunti zote. Kampuni nyingi za utalii zina akaunti ya dola na ya shilingi. Dola 50,000 zinaingia ya kwanza, zinabadilishwa, zinaingia ya pili kama Sh125 milioni, na anayejumlisha mzunguko bila makini amehesabu fedha ile ile mara mbili. Aondoe uhamisho wa ndani, aondoe mikopo iliyopokelewa, aondoe fedha za wakurugenzi wenyewe. Kinachobaki akilinganishe na mauzo kwenye ritani za VAT na kwenye mahesabu yaliyokaguliwa. Namba hizo tatu hazitalingana hadi senti, lakini tofauti inapaswa kuelezeka kwa sentensi mbili. Ikihitaji hotuba, kuna jambo.

Baada ya hapo, orodha ya wadai pamoja na umri wa kila deni. Loji ambayo zamani ililipwa kabla ya mgeni kufika na sasa inadai siku 60 inakuambia kuwa kampuni tayari inakopa, ila kwa mkopeshaji asiyetoza riba. Kodi ya mishahara (PAYE) na VAT zilizocheleweshwa ni mkopo wa aina hiyo hiyo, tena wa hatari zaidi: sheria inaipa TRA uwezo wa kuitaka benki ilipe moja kwa moja kutoka kwenye akaunti ya mdaiwa. Mkopeshaji anayejiona wa kwanza kwenye foleni kwa sababu anashika hati anaweza kukuta akaunti imeshakaushwa.

Dhamana nayo hupewa uzito usiostahili. Nyumba ya Njiro, Arusha, yenye thamani ya Sh900 milioni kwenye ripoti ya mthamini haileti hata shilingi moja ya rejesho la Mei. Inamfaa mkopeshaji baada ya biashara kufa, kwa mnada, baada ya mvutano wa mahakamani, kwa bei ya mnada. Mkopo unaokubaliwa kwa sababu dhamana ni nzuri huku mabaki hayatoshi ni uuzaji wa nyumba uliocheleweshwa.

Moshi na Arusha tuna mfano wa hadharani wa mauzo makubwa yaliyoshindwa deni. Nakumatt ilifungua duka lake Moshi mwaka 2011, na mwaka 2014 ikarithi maduka ya Shoprite nchini, likiwamo la Arusha. Ilikuwa kampuni ya mauzo makubwa kuliko supamaketi zote za Kenya. Lakini supamaketi inabakiwa na senti chache kwa kila shilingi inayouza, na upanuzi wake ulibebwa na wasambazaji waliosubiri malipo na kwa hati fungani za muda mfupi, ilhali duka jipya huchukua miaka kurudisha gharama. Rafu zilianza kuwa tupu wasambazaji walipogoma. Rafu tupu zikapunguza mauzo. Januari 2018 mahakama ya Kenya ikaiweka chini ya msimamizi, ikiwa na madeni ya zaidi ya bilioni 30 za Kenya. Ubaya haukuwa wateja. Deni la siku 90 lilibebeshwa mali inayojilipa kwa miaka mitano au zaidi. Ndivyo inavyokuwa leo mtu anaponunua Land Cruiser kwa ovadrafti.

Kahawa ina kipimo chake

Kwa mnunuzi wa kahawa wa Kilimanjaro uwiano wa mwaka una maana ndogo. Mkopo wake ni wa msimu: ananunua kuanzia Julai, anakoboa, anauza mnadani Moshi au nje moja kwa moja, analipa. Swali la kumuuliza ni moja: je, mkopo wa msimu uliopita ulifika sifuri kabla huu haujaanza? Usipofika, hasara ya msimu uliopita imefichwa ndani ya mkopo mpya, na itazaa riba bila kuwa na gunia hata moja nyuma yake.

Bei ikipanda watu hudhani hatari imepungua. Februari 2025 arabika ilivuka dola 4 kwa ratili kwenye soko la New York, na wakulima walistahili kila shilingi ya bei hiyo. Lakini angalia upande wa mnunuzi. Kupata magunia 1,000 ya kilo 60 ya kahawa safi (iliyokobolewa) anahitaji kama kilo 75,000 za kahawa ya ngozi (isiyokobolewa). Kwa Sh8,000 kwa kilo anakopa Sh600 milioni, na kwa miezi 4 kwa asilimia 16 analipa riba Sh32 milioni. Kwa Sh12,000 anakopa Sh900 milioni na riba ni Sh48 milioni. Ikiwa ziada yake baada ya kukoboa na kusafirisha ni Sh600 kwa kilo ya ngozi, anabaki na Sh45 milioni kwa hali zote mbili. Msimu wa kwanza anapata Sh13 milioni, wa pili anapoteza Sh3 milioni, ingawa mauzo yameongezeka kwa karibu nusu. Na meli ikichelewa mwezi mmoja, ongeza Sh12 milioni nyingine.

Uwiano gani basi unatosha? Mabenki mengi huridhika na 1.2 au 1.3, na kwa biashara ya mapato yaliyotulia, kama shule yenye ada za mihula, ni sawa. Kwa utalii wa Arusha naona 1.5 ndiyo chini kabisa, ikipimwa baada ya kodi na baada ya fedha ya kubadili magari, pamoja na akiba ya marejesho matatu. Kwa kipimo hicho kampuni yetu ya Sh2.5 bilioni inaweza kubeba mkopo wa karibu Sh340 milioni: mabaki Sh147 milioni baada ya kodi na gari, marejesho Sh99 milioni kwa mwaka. Mwenye kampuni atasema ni kidogo. Ndiyo, ni kidogo, na tofauti ya Sh260 milioni inafaa itoke kwa mwanahisa anayekubali kusubiri, ama magari mawili yanunuliwe mwaka huu na mengine yasubiri.

Hoteli za AFCON

Uwanja mpya unajengwa Arusha kwa ajili ya AFCON 2027, ambayo Tanzania inaiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na watu wengi wanapiga hesabu za vyumba. Tupige pamoja nao. Hoteli ya vyumba 40, mkopo Sh3 bilioni, miaka 10, riba asilimia 15: rejesho Sh48.4 milioni kwa mwezi. Chumba Sh120,000 pamoja na VAT, baada ya VAT ni Sh101,700. Toa kifungua kinywa, dobi, umeme na kamisheni ya mawakala Sh35,000, zinabaki Sh66,700. Gharama zisizobadilika Sh28 milioni kwa mwezi. Ili kulipa zote mbili lazima iuze vyumba 1,145 kati ya 1,216 vilivyopo kwa mwezi. Hiyo ni kujaa kwa asilimia 94, Januari hadi Desemba, masika ikiwamo, na kodi ya mapato bado.

Mwezi wa mashindano tuupe kila kitu: vyumba vyote vimejaa kila usiku, bei Sh400,000, gharama kwa chumba Sh45,000. Baada ya VAT na gharama zote, mwezi huo unaacha kama Sh329 milioni. Ni marejesho yasiyofika 7. Ratiba ina marejesho 120, na yaliyobaki yatalipwa na mikutano ya AICC (kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha), wageni wanaolala usiku mmoja kabla ya safari, na wafanyabiashara wa kawaida. Mjenzi yule yule akiweka nusu ya gharama kutoka mfukoni au kwa wabia na kukopa Sh1.5 bilioni, rejesho linakuwa Sh24.2 milioni na kiwango cha kujaa kinachohitajika kinashuka hadi asilimia 64. Kwa mji wenye Aprili na Novemba kama zetu bado ni juu, lakini hapo mazungumzo na benki yanaweza kuanza.